Mjazo wa Jino Unaponywea Chini ya Taa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa kitini na wagonjwa wangu hapa Nairobi, na mengine yameulizwa na madaktari chipukizi waliofanya mazoezi nasi. Yote yanahusu jambo moja: mjazo mweupe wa jino, unapogandishwa kwa taa ya bluu, hunywea, yaani hupungua ukubwa. Nimejibu kwa urefu palipohitaji urefu, kwa sababu naamini mgonjwa anayeelewa jambo hili huvumilia muda wa matibabu, na daktari anayelielewa haharakishi kazi.

Mjazo huu mweupe umetengenezwa kwa nini hasa?

Kwa lugha ya kliniki tunauita kompositi. Ni mchanganyiko wa resini, ambayo ni kimiminika kizito kinachonata, na chembechembe ndogo sana za kioo au silika. Kwa uzito, chembe hizo huwa takriban asilimia 60 hadi 80 ya mchanganyiko, na kila chembe hupakwa kemikali iitwayo silani ili ishikamane na resini. Resini inayotumika zaidi, Bis-GMA, ni kazi ya Mmarekani Rafael Bowen, aliyepata hataza yake mwaka 1962. Kabla ya kumulikwa, kompositi ni laini kama udongo wa mfinyanzi uliokwisha kukandwa. Ndani yake mna kemikali iitwayo kamforakwinoni, ambayo hufyonza mwanga wa bluu, hasa wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 468, kisha huamsha mmenyuko unaoigandisha resini.

Kwa nini inywee ilhali hakuna kitu kinachokauka wala kutoka?

Wengi hudhani kompositi hukauka kama rangi ya ukutani au saruji. Sivyo. Hakuna maji yanayotoka wala harufu inayopotea kiasi cha kuleta tofauti.

Fikiria abiria wanaosubiri matatu jioni, kila mmoja akiwa amesimama hatua moja kutoka kwa mwenzake. Waambie washikane mabega. Foleni itafupika papo hapo, na hakuna aliyeondoka. Ndivyo zilivyo molekuli za resini. Kabla ya mwanga, zimekaa kwa umbali wa nanomita 0.3 hadi 0.4, zikivutana kwa nguvu hafifu tu. Zinapoungana kuwa mnyororo mmoja, umbali huo hushuka hadi karibu nanomita 0.15. Molekuli ni zilezile, lakini nafasi zinazochukua zimepungua. Chembe za kioo hazishiriki katika kuungana huko, na ndiyo sababu kompositi yenye kioo kingi hunywea kidogo kuliko yenye resini nyingi.

Hunywea kwa kiasi gani?

Kompositi nyingi za kawaida hupoteza asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Zile laini zinazotiririka kutoka kwenye bomba la sindano zina kioo kichache, kwa hiyo zinaweza kufikia asilimia 5 na hata kupita hapo. Resini ya Bis-GMA ikiwa peke yake hunywea karibu asilimia 5, na TEGDMA, ambayo huongezwa ili kuilainisha, hunywea zaidi ya asilimia 10.

Tuchukue tundu la gego lenye upana wa milimita 4. Kunywea kwa asilimia 2.5 ya ujazo ni sawa na takriban asilimia 0.8 kwa kila upande, yaani mikroni 33 katika upana huo. Hiyo ni karibu nusu ya unene wa unywele. Bakteria wa kinywani ana upana wa takriban mikroni moja. Kama upungufu wote ungejikusanya upande mmoja, basi mlango ungekuwa umeachwa wazi kwa msururu wa bakteria zaidi ya thelathini waliopangana bega kwa bega. Kwa kawaida haujikusanyi hivyo, kwa sababu gundi iliyoubandika mjazo kwenye jino hushikilia, na jino lenyewe hujipinda kidogo, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini sisi madaktari hatuwezi kuidharau asilimia mbili.

Basi tatizo ni ule mwanya tu?

Tatizo kubwa zaidi ni mvutano, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Katika sekunde chache za mwanzo chini ya taa, kompositi bado ina ulaini. Inanywea, lakini inaweza kusogea kutoka kwenye uso wake ulio huru na kufidia upungufu. Kisha hufika hatua ya kuganda kama utomvu, ambapo haiwezi tena kutiririka. Kuanzia hapo kila sehemu ya upungufu inayobaki hugeuka kuwa nguvu ya kuvuta, na nguvu hiyo huvuta kila ukuta ambao kompositi imebandikwa. Kadiri kompositi inavyozidi kuwa ngumu, ndivyo inavyozidi kuvuta. Na haiishii taa inapozimwa: mmenyuko huendelea polepole kwa saa kadhaa, hata hadi siku nzima.

Sasa kuna pande mbili zinazoshindana, gundi na mvutano. Gundi ikishindwa, mjazo hubanduka mahali fulani, mara nyingi sakafuni mwa tundu au ukingoni karibu na ufizi, ambako gundi hushika dentini, tabaka la ndani la jino, na si enameli, ganda gumu la nje. Gundi ikishinda, mvutano huhamia kwenye jino, na kuta za gego zilizobaki nyembamba huvutwa kuelekea ndani kwa mikroni kadhaa. Wakati mwingine si gundi wala ukuta unaokubali kushindwa, na enameli yenyewe ndiyo inayopasuka.

Hili la mwisho nimeliona mara nyingi kwa miwani ya kukuzia. Unamaliza kung'arisha mjazo, unapuliza hewa ili jino likauke, na pembeni mwa ukingo unatokea mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa buibui, unaofuata mzunguko wa mjazo. Ukilowesha jino, mstari unapotea. Huo ni ufa mdogo ndani ya enameli, sambamba na ukingo. Mgonjwa hahisi chochote, na mara nyingi jino hukaa vizuri kwa miaka. Hata hivyo, kila ninapouona najua kwamba jino hilo limevutwa kupita lilivyopaswa.

Ni kweli kwamba mjazo hunywea kuelekea kwenye mwanga?

Hapana. Fundisho hilo lilidumu kwa muda mrefu, na liliwafanya madaktari wamulike kutoka ubavuni wakitumaini kuvuta kompositi ikaribie ukuta. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa na Antheunis Versluis na wenzake mwaka 1998 zilionyesha kwamba mwelekeo huamuliwa na mahali ambapo mjazo umebandikwa na mahali ambapo uso wake uko huru. Taa huamua mahali pa kuanzia kuganda. Haina uwezo wa kuvuta.

Umbo la tundu lina uzito gani?

Lina uzito mkubwa. Mwaka 1987, Feilzer, de Gee na Davidson wa Uholanzi waliweka hesabu rahisi: hesabu nyuso zilizobandikwa, kisha gawanya kwa nyuso zilizo huru. Tundu lililochimbwa juu ya gego kama kisanduku lina kuta nne na sakafu moja, na uso mmoja tu ulio wazi. Tano kwa moja ni tano, na huo ndio uwiano mbaya kuliko yote. Tundu lililofunguka juu na ubavuni lina nyuso nne zilizobandikwa na mbili zilizo huru, yaani mbili. Tabaka jembamba lililopakwa juu ya uso wa jino la mbele, likibandikwa upande mmoja tu, lina sehemu ndogo ya moja.

Ndiyo maana mgonjwa anayeniambia kwamba tundu lake ni "kadogo tu, juu ya gego" hanifanyi nilegeze kazi. Kisanduku hicho kidogo kinaweza kuleta mvutano mkali kuliko jino la mbele lililovunjika kipembe, ingawa lile la mbele ndilo linalomtia mtu aibu na kumfanya akimbilie kliniki.

Kwa nini daktari huweka kidogo kidogo na kumulika kila mara?

Sababu ya kwanza, na iliyo imara kuliko zote, ni kwamba mwanga haupenyi mbali. Kompositi ya kawaida huganda vizuri kwa kina cha takriban milimita 2. Zaidi ya hapo, uso huwa mgumu huku chini pakibaki pabichi.

Sababu ya pili ni mvutano wenyewe. Ukiweka tabaka kwa mshazari, likagusa ukuta mmoja na sehemu ya sakafu bila kuunganisha kuta mbili zinazotazamana, tabaka hilo hubaki na uso mpana ulio huru. Lazima niseme pia kwamba jambo hili limepingwa: mwaka 1996 Versluis huyohuyo alionyesha kwa hesabu kwamba tabaka nyingi zinaweza kuzipinda kuta za jino zaidi kuliko mkupuo mmoja, kwa sababu kila tabaka huvuta ukuta kidogo kabla ya linalofuata kuingia. Mimi bado hutumia tabaka za mshazari katika matundu makubwa, kwa kuwa ile sababu ya kwanza inatosha, na kwa kuwa tabaka humpa daktari nafasi ya kuona anachofanya.

Nina kosa langu la kulikiri hapa. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimhudumia mama mmoja aliyekuja saa ya chakula cha mchana na alitakiwa kurudi ofisini saa nane. Gego lake la chini lilikuwa na tundu refu. Nikaijaza nusu nzima ya chini kwa mara moja, nikamulika, nikamaliza juu kwa tabaka la pili. Kwa macho, kazi ilipendeza. Baada ya siku nne alirudi akisema, "Daktari, nikitafuna kitu kigumu ni kama nimechomwa sindano, nikiachia kinaacha." Nilipoufungua mjazo, tabaka la juu lilikuwa gumu kama jiwe, na chini chombo changu kiliingia kama kinavyoingia kwenye nta. Sakafu ilikuwa imebanduka. Nilimzibia upya bila malipo, kwa tabaka nne, na maumivu yakaisha. Tangu siku hiyo sikubali kulijaza tundu refu la gego katika dakika za kuibiwa.

Je, taa hafifu si nzuri, kwa kuwa itafanya mjazo unywee kidogo?

Huu ni mtego ambao hata madaktari huingia. Ni kweli kwamba kompositi isiyoganda sawasawa hunywea kidogo, kwa sababu molekuli chache ndizo zilizoungana. Lakini hata mjazo mzuri huunganisha takriban asilimia 55 hadi 75 tu ya viungo vya molekuli vinavyoweza kuungana. Ukishuka chini ya hapo unapata mjazo dhaifu unaochakaa, unaobadilika rangi na kuachia kemikali ambazo hazikuungana. Kupunguza kunywea kwa njia hiyo ni kuuza jino ili ununue mswaki.

Njia inayofaa ni kuanza kwa mwanga mdogo kwa sekunde chache kisha kuongeza hadi nguvu kamili, ili kompositi ipate muda mrefu kidogo wa kusogea kabla ya kukaza. Taa kadhaa zina mpangilio huo. Faida yake huonekana zaidi maabara kuliko kinywani, kwa hiyo siihubiri, ila siikatai.

Ninachokihubiri ni taa kupimwa. Taa yenye nguvu ya miliwati 1,000 kwa sentimita ya mraba ikimulika kwa sekunde 20 hutoa jouli 20 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi kinachotosha tabaka la milimita 2 kwa kompositi nyingi. Ncha ya taa ikiwa na mabaki ya resini iliyoganda, au ikishikwa milimita 8 juu ya sakafu ya tundu, nguvu hiyo inaweza kushuka kwa nusu au zaidi. Kipima mwanga kinatosha kwenye mfuko wa koti, na kila kliniki ingepaswa kuwa nacho. Hapa Nairobi, stima inapopotea mara kwa mara, tumezoea taa za betri, na hizo ni nzuri mradi zichajiwe.

Jambo dogo linalosahaulika: jua letu la dirishani na taa kubwa ya juu ya kiti pia vina mwanga wa bluu. Kompositi iliyoachwa wazi juu ya trei huanza kukaza kabla haijaingia mdomoni, na kompositi iliyoanza kukaza hainati vizuri ukutani. Ifunikwe.

Kuna kompositi inayojaza tundu kwa mkupuo mmoja. Mnaiaminije?

Hiyo imetengenezwa ipitishe mwanga zaidi, na nyingine zimetiwa molekuli zinazolegeza mvutano, hivyo inaweza kuwekwa kwa unene wa milimita 4, na baadhi 5. Naitumia, hasa kwa magego ya mtoto asiyetulia au mgonjwa asiyeweza kuachama kwa muda mrefu. Bado inanywea, kilichopungua ni mvutano na idadi ya tabaka. Aina yake inayotiririka huhitaji kufunikwa juu kwa kompositi ngumu ya kawaida, na anayeuruka mfuniko huo humpa mgonjwa mjazo utakaolika haraka.

Hakuna nyenzo isiyonywea kabisa?

Watafiti wametafuta kwa bidii. Mwaka 2007 kampuni ya 3M ESPE ilileta Filtek Silorane, ambayo molekuli zake zilikuwa na pete zinazofunguka wakati wa kuungana, na kufunguka huko kulifidia sehemu ya nafasi iliyopotea. Kunywea kwake kulishuka chini ya asilimia 1. Hata hivyo, ilihitaji gundi yake ya pekee, na katika uchunguzi wa wagonjwa haikuonyesha kudumu kuliko kompositi nzuri za kawaida. Haiuzwi tena. Nadhani hilo ni funzo zito kwetu: namba ya maabara peke yake haimhakikishii mgonjwa lolote.

Njia nyingine ni kuutengeneza mjazo nje ya kinywa na kuubandika ukiwa umekwisha kunywea. Hapo kinachonywea ndani ya jino ni tabaka jembamba la gundi tu. Kwa gego lililobakiwa na kuta nyembamba ningeshauri hivyo, ingawa gharama hupanda na bima nyingi huuliza maswali.

Si bora kurudi kwenye ule mjazo wa rangi ya fedha?

Amalgamu haivuti kuta za jino kama kompositi, na imewahudumia watu kwa zaidi ya karne moja. Lakini haibandiki, kwa hiyo hulazimu kuchimba sehemu nzima za jino ili ishikiliwe, na ina zebaki. Uamuzi wa kuanzisha mazungumzo ya mkataba wa zebaki ulifikiwa hapahapa Nairobi, Februari 2009, katika kikao cha Baraza la Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mkataba wa Minamata uliotokana nao ulitiwa saini mwaka 2013, Kenya ikiwemo, na ulitaka matumizi ya amalgamu yapunguzwe. Kompositi ndiyo inayochukua nafasi yake, hivyo afadhali tujifunze kuishi na tabia zake.

Meno yangu yana madoa ya kahawia kwa sababu ya maji ya kisima. Mjazo utashika?

Swali hili huja sana kutoka kwa waliokulia Nakuru, Naivasha na Gilgil, na kwa wanaotumia visima virefu hapa Nairobi na viungani mwake, ambako maji mengi yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Tangu Michael Buonocore alipoonyesha mwaka 1955 kwamba asidi huifanya enameli ikwaruzike na kushika resini, kubandika kwetu kumetegemea asidi hiyo. Enameli iliyoathiriwa na floridi huikataa asidi kwa kiasi fulani, kwa hiyo gundi hupata mshiko hafifu, na mvutano wa kunywea hupata mahali rahisi pa kubandua. Mimi hukwangua uso wa nje kidogo na kuiacha asidi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mwambie daktari wako ulikokulia. Ni habari yenye manufaa kwake.

Jino langu linauma tangu lilipozibwa. Ni kunywea?

Huenda ikawa, lakini kwanza tazama aina ya maumivu. Jino kusisimka kwa baridi kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, huku likipoa siku hadi siku, ni jambo la kawaida. Maumivu ya kila unapouma meno pamoja mara nyingi hutokana na mjazo ulioachwa juu kidogo, na kuusaga kwa dakika tano kunatosha. Mchomo mkali wakati wa kutafuna kitu kigumu, unaotoweka ukiachia, ndio unaonifanya nishuku kubanduka kwa sakafu: maji yaliyo katika vijifereji vya dentini husukumwa na mjazo unaodundadunda, na neva huhisi. Maumivu yanayokuamsha usiku bila sababu ni habari ya kiini cha jino. Usingoje wiki mbili.

Mjazo ukinywea, jino litaoza tena?

Si lazima. Mwanya hurahisisha, lakini kinachooza jino ni sukari inayorudiwarudiwa na utando usiosafishwa. Nimeona mijazo yenye kingo mbaya ikikaa miaka kumi kwa mtu anayesugua meno vizuri. Kompositi za magego, kwa wastani, hushindwa kwa takriban asilimia 1 hadi 3 kwa mwaka, na wenye meno yanayooza kwa urahisi ndio wanaoharibikiwa zaidi. Aidha, mjazo hufyonza maji ya mate kwa wiki kadhaa na kuvimba kidogo, jambo linalolegeza sehemu ya mvutano.

Kwa nini niliambiwa nitakaa kitini karibu saa moja kwa jino moja?

Sindano ya ganzi huhitaji dakika kadhaa ikolee. Uozo huondolewa polepole karibu na kiini. Kisha huja kitambaa cha mpira cha kuzuia mate, kwa kuwa tone moja la mate juu ya enameli iliyotiwa asidi hudhoofisha mshiko, na mshiko dhaifu ndio wa kwanza kushindwa na mvutano. Huja ukanda wa chuma na kabari, asidi, maji, hewa, na gundi inayosuguliwa, kupulizwa na kumulikwa. Ndipo zinapoanza tabaka: kuweka, kubana pembeni, kumulika sekunde 20, kuangalia, kurudia, pengine mara tano au sita. Mwishoni utauma karatasi ya rangi, daktari atapunguza palipo juu, atapitisha uzi kati ya meno, na atakuuliza kama unahisi kitu kigeni. Mjibu ukweli hata kama umechoka, kwa sababu ganzi bado ipo na yeye anategemea ulimi wako.